Daftari la Kale na Daftari Jipya

Mwenye kufungua daftari jipya hudhani kuwa ameanza mwanzo. Karatasi ni nyeupe, wino ni mbichi, na mkono ni wake mwenyewe. Lakini akiitazama karatasi ile kwa makini ataona kuwa ina mistari, na mistari ile hakuichora yeye. Aliyeichora alikwisha kuamua maneno mangapi yataingia katika ukurasa mmoja, yataanzia upande gani, na pambizo itakuwa na upana gani. Mwandishi hujiona huru, kumbe anakwenda katika njia iliyolimwa na mwenziwe. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: ikiwa kila utaratibu mpya wa kuweka habari huumbwa na utaratibu uliotangulia, basi mapungufu ya ule wa kale ni ya nani? Ni ya marehemu aliyeyatenda, au ni ya mrithi anayeyanakili?

Swali hili halikunijia katika vitabu. Lilinijia Amani.

Amani ni mahali katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Apandaye huko kutoka pwani huacha nyuma minazi na mikonge, akaingia katika baridi, ukungu na miti mirefu. Katika mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya elimu ya viumbe na kilimo. Wakapanda miti iliyotoka pande nyingi za dunia, wakakausha majani na maua ya milima ile, wakayabandika juu ya karatasi na kuyaandika. Vita vya mwaka 1914 vilipokata njia za bahari, kwinini ya askari wao ilitengenezwa hapo kwa maganda ya miti waliyoipanda. Baada ya vita Waingereza wakairithi taasisi, na katika miaka ya 1920 wakaifungua tena iwe kituo cha uchunguzi wa kilimo kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1950 mimea mikavu ilihamishiwa Nairobi, ambako ipo hata sasa, na wachunguzi wa malaria wakaingia katika nyumba za Amani. Tangu mwaka 1997 msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia. Wenye mamlaka walibadilika mara nyingi. Lakini kila aliyeingia alikuta makabati yamejaa, na kila aliyekuta makabati yamejaa alianzia pale alipoachia mwenziwe.

Sina budi kueleza kwanza jinsi mmea unavyogeuka kuwa habari. Tawi hukatwa, hubanwa katikati ya karatasi mpaka likauke, kisha hushonwa au hugundishwa juu ya karatasi ngumu. Chini, pembeni, hubandikwa lebo. Lebo ina jina la Kilatini, mahali, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake. Pengine kuna nafasi ya jina la wenyeji, na pengine hakuna. Mtu asiyejua kazi hii atasema hayo ni mambo madogo ya karani. Lakini fikiri: mti uliosimama miaka mia, uliojulikana kwa kivuli chake, kwa mafuta ya mbegu zake na kwa dawa ya magome yake, sasa unajulikana kwa mambo matano au sita. Yaliyo nje ya hayo hayakukanushwa na mtu yeyote. Yalikosa mahali pa kukaa tu; na neno lisilo na mahali pa kukaa halikai.

Tuchukue mti ambao watu wa Amani wanauita msambu. Ni mti wa msitu wa mlima, wenye matunda makubwa ambayo mbegu zake hutoa mafuta mazuri ya kula. Katika elimu ya mimea huitwa Allanblackia stuhlmannii. Nusu ya pili ya jina hilo ni kumbukumbu ya Franz Stuhlmann, mtu wa serikali ya Kijerumani aliyehusika na kuanzishwa kwa taasisi ile. Sisemi kuwa hakustahili heshima. Alikuwa mtu wa elimu na kazi nyingi. Nasema kuwa utaratibu wa majina ya Kilatini, uliowekwa na Linnaeus wa Uswidi katika karne ya kumi na nane, ulikuja na mlango wa heshima ambao msomi aliweza kuuingia kwa jina lake, na aliyekamua mafuta hakuweza. Mlango huo haukujengwa kwa ajili ya kumzuia mtu wa Usambara. Ulijengwa mbali, kabla yake, na watu wasiomjua. Ndiyo maana ni vigumu kumpata wa kumlaumu.

Mfano wa pili ni wa mipaka. Mwaka 1952 ilianza kuchapwa kazi kubwa ya kuieleza mimea ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na visiwa vyetu, iitwayo Flora of Tropical East Africa. Ilikwisha mwaka 2012, baada ya miaka sitini, ikiwa imeeleza aina zaidi ya 12,000. Wenye kazi hiyo walihitaji njia fupi ya kusema mmea umeonekana wapi, wakaigawa nchi kwa herufi na namba. Tanganyika ikapata sehemu nane, kwa kufuata majimbo manane ya serikali ya wakati ule. Jimbo la Tanga likawa T3. Uhuru ulipokuja majimbo yakaondolewa na mikoa ikawekwa, na leo Tanzania ina mikoa thelathini na mmoja. Upare, uliokuwa katika Jimbo la Tanga, sasa umo katika mkoa wa Kilimanjaro. Lakini katika vitabu vya mimea Upare bado umo katika T3. Serikali iliyoichora mipaka ile imekwisha, bendera yake imeshushwa, maofisa wake wamezikwa. Mipaka yenyewe ingali hai katika ulimwengu wa majani. Na kwa nini isiwe hai? Kuibadilisha kungeivunja kazi ya miaka sitini, na msomaji wa juzuu ya mwisho asingeelewana na msomaji wa juzuu ya kwanza. Maji hufuata mkondo, hata mvua iliyouchimba ikiwa imesahauliwa.

Wasomaji wa jarida hili wasidhani kuwa jambo hili ni la wanasayansi peke yao, na kwamba sisi wa lugha tumesalimika. Nyumba yetu imejengwa vivyo hivyo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, ilisimama waziwazi juu ya kamusi ya Madan ya mwaka 1903. Katika utaratibu wake, majina mengi yatokanayo na vitendo yaliwekwa chini ya vitendo vyao, hata mwenye kumtafuta mpishi alipaswa kujua kwanza kuwa nyumba yake ni pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ililipa jina kama hilo mahali pake lenyewe. Hayo yalikuwa mageuzi mema; lakini tazama jinsi yalivyokuwa mageuzi ya chumba, wala si ya nyumba. Abjadi ilibaki ile ile, tahajia ilibaki ile ile, na kiambishi cha ku- kilibaki nje ya mlango wa kitendo kama viatu vya mgeni.

Na tahajia yenyewe je? Katika Kiswahili cha Mombasa paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamkwi sawasawa. La pili hutoka na pumzi. Tahajia iliyokubaliwa baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kulindwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, ilichukua lahaja ya Unguja kuwa msingi na haikuweka alama ya pumzi hiyo. Vitabu vya shule vikafuata, mitambo ya chapa ikafuata, taipureta zikafuata. Sasa kuna mitambo ya kompyuta inayosoma maandishi yetu kwa sauti. Mtambo huo ukilikuta neno paa hauwezi kujua kwa herufi peke yake kama kuna pumzi au hakuna, kwa kuwa wale waliokaa mezani miaka mia iliyopita hawakuiandika. Hapana shaka hawakuota kuwa siku moja chombo cha chuma kitajifunza kusema kwa kusoma walichokiacha. Walichagua kwa ajili ya darasa la watoto, na uchaguzi wao ukafika mahali ambapo wao hawakufika.

Katika mifano yote hii mtu anaweza kusema: haya ndiyo maisha, mwana hutazama kisogo cha nina. Kila kizazi hukopa. Na mkopo huu una faida kubwa, wala sitaki nionekane ninaitukana mizigo iliyotubeba. Katika miaka ya 1930 wachunguzi wa Amani walianza kuizalisha mihogo iweze kushindana na ugonjwa wa batobato, kwa kuuchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni unaotoa mpira. Kila uzao ulipewa namba na kuandikwa. Mmoja wao, 46106/27, ulifika kwa wakulima wa pwani ya Kenya ukajulikana huko kwa jina la Kaleso. Kutokana na mwingine, 5318/34, zilipatikana mbegu zilizopelekwa Nigeria. Zikachaguliwa, zikaandikwa upya, na wazalishaji wa Ibadan wakajengea juu yake tangu miaka ya 1970. Kazi ya Amani ilikuwa imekwisha kitambo, lakini namba zilihifadhiwa. Lau karani mmoja angezembea kuandika, njaa ya watu wasiomjua ingerefuka. Kwa hiyo anayedharau daftari la kale kwa kuwa ni la mgeni, au la mtawala, adharau pia muhogo ulio katika sahani yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifunga mwenyewe.

Miaka ishirini na zaidi iliyopita, nikiwa mwanafunzi, nilipata kibarua cha likizo katika ofisi moja. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha maandishi ya lebo za kale za mimea ya Usambara kutoka katika karatasi na kuyatia katika kompyuta. Fomu iliyokuwa katika kompyuta ilifuata fomu ya karatasi iliyoitangulia, na ile ilifuata nyingine. Ilikuwa na nafasi ya jina la Kilatini, ya mahali, ya tarehe, ya mkusanyaji mmoja na ya namba yake. Mwishoni palikuwa na nafasi ndogo ya maelezo mengine, ambayo ilijaa upesi kama kikombe cha mtoto. Siku moja nilikuta lebo iliyoandikwa chini yake kwa penseli jina la Kisambaa la mmea ule, matumizi yake, na jina la mtu aliyeusema. Nilianza kuandika. Maneno yakazidi. Nikapunguza. Nikaliacha jina la mmea, nikaacha neno moja la matumizi, nikamkata mtu. Karatasi ikarudi sandukuni, nami nikachukua nyingine, kwa kuwa nililipwa kwa hesabu ya lebo.

Likizo ile ile nilipanda Amani na orodha iliyochapwa, nikapelekwa kwa mzee mmoja ambaye baba yake aliwahi kuwaongoza wakusanyaji msituni na kuwapandia miti. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanikaribisha barazani. Akaniomba nimsomee. Nikasoma miti, naye kila mti akaujibu: huu uko juu ya mto, huu ulikatwa, huu hatuukati. Kisha akasema, "Huo alikwenda nao baba. Yeye ndiye aliyepanda juu, mwenye kitabu akingoja chini. Msome basi."

Nikatazama karatasi, ingawa nilijua. Nikasema, "Hayumo, mzee."

Akauliza, "Hayumo kwa sababu hakuwako, au kwa sababu hamkumtia?"

Nikamwambia kuwa nafasi haikuwapo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, bila ukali, "Na nafasi aliipima nani?" Sikuwa na jibu. Akamwita mjukuu wake alete chai, tukazungumza habari nyingine.

Tangu siku ile nimejaribu kulikumbuka lile jina nililolikata, nisijue kama lilikuwa la baba yake au la mtu mwingine. Sijaweza. Najua kuwa niliyeliona kwa macho na kulikata kwa mkono ni mimi, wala si Mjerumani wa mwaka 1902, wala si Mwingereza wa mwaka 1928. Hao pengine hawakuliandika jina la mtu wa aina ile. Huyu wa lebo yangu aliliandika, tena kwa penseli, nje ya nafasi rasmi, kama mtu anayeokoa kitu kwa kukitupa nje ya dirisha. Nami nilikikuta nje nikakiacha hapo.

Basi nirudi kwenye swali. Wako watakaosema kuwa mrithi hana hatia: alipokea fomu, akaijaza. Hoja hii ina nguvu kwa asiyejua. Mtoto aliyejifunza kuandika paa hana kosa juu ya pumzi iliyopotea. Lakini hoja hii humalizika siku mtu anapoona. Kunakili ni tendo, si ajali. Anayenakili pungufu akijua kuwa ni pungufu amelitenda mara ya pili. Na tendo la pili mara nyingine ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa la kwanza huenda lilitokana na ujinga, na la pili limetokana na haraka.

Wako wengine watakaosema: kama urithi una dosari, na uchomwe, tuanze upya kwa vipimo vyetu. Hawa nawaelewa, maana hasira yao ina sababu. Lakini moto umekwisha kujaribiwa. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin, ambako sehemu kubwa ya mimea iliyokusanywa katika nchi yetu ilipelekwa, na sehemu kubwa ya akiba ile ikateketea. Je, mtu gani wa Usambara alipata uhuru kwa moto ule? Hakuna. Waliobaki walizitafuta nakala zilizosalia mahali pengine, wakaendelea na majina yale yale. Pamoja na mimea iliungua lebo, na pamoja na lebo kila neno la penseli lililokuwa pembeni yake. Moto hauchagui, huchoma dhuluma pamoja na ushahidi wake.

Iko njia ya tatu, nayo, ajabu, imo katika elimu ile ile ya mimea. Ua dogo la zambarau la Usambara, lililopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Tanga, lilipewa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Mwaka 2015, baada ya kuchunguzwa asili yake kwa elimu mpya, lilihamishiwa katika jamii ya Streptocarpus. Mvule, ambao vitabu vya zamani viliuita Chlorophora excelsa, sasa huitwa Milicia excelsa. Lakini katika mabadiliko hayo jina la kale halifutwi. Huandikwa chini ya jipya, na mwaka wake, na jina la aliyelitoa, ili atakayesoma kitabu cha babu asipotee. Elimu hii, basi, ina adabu moja kubwa: haioni haya kuonyesha kuwa ilikosea, na haifichi alama ya kosa. Kinachotakiwa ni kuieneza adabu hiyo, itoke katika majina ya maua ifike katika majina ya watu.

Nina maana gani? Nina maana kuwa mwenye kutengeneza daftari jipya, liwe la karatasi au la kompyuta, asiliulize la kale lina nini tu. Auliize pia halina nini. Pale panapokosekana habari asipaache peupe kana kwamba hapakuwa na kitu, bali aandike kuwa palikuwa na mtu na hakuandikwa. Hii si anasa. Peupe humwambia msomaji wa kesho kuwa hakuna cha kutafuta. Neno moja la kukiri humwambia atafute. Kadhalika aongeze nafasi mapema, kabla rekodi hazijawa maelfu, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Fomu ya siku ya kwanza hubadilishwa kwa kalamu. Fomu ya mwaka wa ishirini hubadilishwa kwa fedha na machozi, na ile ya mwaka wa sitini, kama T3, haibadilishwi.

Sidhani kuwa kwa kufanya hivyo tutalipa deni lote. Walioongoza watu msituni wamekufa wengi, na watoto wao wamezeeka. Fomu yetu nasi itakuwa na upofu wake, ambao wajukuu watauona kwa urahisi na kutustaajabia. Hilo halituondolei wajibu. Hatuwezi kurithi njia pasipo kuifuata kwa kitambo. Lakini twaweza, tunapoifuata, kuweka alama mahali ambapo watu waliachwa.

Mwaka jana nilimwandikia barua mtunzaji wa sanduku lile kuuliza kama karatasi za zamani zingalipo. Akanijibu kuwa zipo, na kwamba naweza kwenda kuzisoma. Lebo ni nyingi, na likizo yangu ni fupi kuliko ilivyokuwa nilipokuwa mwanafunzi. Nimekata shauri kwenda. Safari hii sitalipwa kwa hesabu ya lebo, na nitachukua penseli.